Mashine Moja, Kazi Nne: Kuchagua Printa ya Ofisi Ndogo
Mazungumzo kwa makatibu wa vikundi, wafanyabiashara na wenye saiba



Mada ya leo inahusu mashine ambayo ofisi ndogo hununua kwa siku moja na kuilipia kwa miaka. Ni ile printa inayochapisha, inayotoa kopi, inayoskani na ambayo, kulingana na maandishi ya katoni, hutuma faksi pia. Ukitoka Mtwapa hadi Malindi, ukapanda Kaloleni hadi Mariakani, ni vigumu kuingia katika ofisi ya kikundi au saiba usiikute mezani. Mara nyingi utaikuta imefunikwa kitambaa, haifanyi kazi, na mwenye ofisi anavuka barabara kwenda kutafuta kopi kwa jirani.

Huenda mtu akauliza kwa nini kaunti ishughulike na printa za watu. Jibu la kwanza ni kwamba pesa zinazonunua mashine hizi kwa kawaida si za mtu mmoja. Ni akiba ya chama, ni mkopo unaodaiwa kila mwezi, ni mchango wa wanachama ishirini au thelathini ambao wengine wao hawajui hata kuiwasha. Jibu la pili ni zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu angalau asilimia 30 ya ununuzi wa serikali. Lakini sheria hiyo hiyo inataka kila ukurasa wa zabuni utiwe nambari kwa mfuatano, na zabuni inayofika baada ya saa iliyowekwa hurudishwa bila kufunguliwa. Kikundi kinachoomba zabuni ya kurasa 80, nakala halisi na ya pili, kinahitaji kuchapisha kurasa 160 bila mashine kugoma. Wino ukiisha ukurasa wa 112, saa nne asubuhi, na zabuni zinafungwa saa tano, hapo hakuna wa kulalamikiwa.

Basi swali la kwanza dukani lisiwe bei ya mashine. Liwe bei ya ukurasa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua bei ya katriji, igawanye kwa idadi ya kurasa ambazo katriji hiyo inatoa. Idadi hiyo huandikwa kwenye boksi au kwenye tovuti ya mtengenezaji, nayo hupimwa kwa viwango vya kimataifa, kwa kurasa ambazo wino umefunika takriban asilimia 5 tu. Hiyo ni barua fupi yenye nafasi nyingi nyeupe. Fomu yenye nembo, mistari na picha ya pasipoti hula wino mara kadhaa zaidi, kwa hiyo idadi ya boksi ichukuliwe kuwa ni ahadi ya siku njema.

Chukulia mfano huu. Bei zake ni za kufanyia hesabu tu, kila mtu aulize za dukani kwake. Printa ya kwanza inauzwa shilingi 9,500. Katriji yake ni shilingi 1,800 na inatoa kurasa 180. Kila ukurasa umegharimu shilingi 10. Printa ya pili, ya tangi la wino, inauzwa shilingi 27,000. Chupa yake ya wino mweusi ni shilingi 1,500 na inatoa kurasa 4,500. Kila ukurasa umegharimu takriban senti 33. Ofisi inayochapisha kurasa 600 kwa mwezi itatumia shilingi 6,000 za wino kwa mashine ya kwanza, na shilingi 200 kwa mashine ya pili. Tofauti ya bei ya kununulia ni shilingi 17,500. Pengo hilo linazibwa kwa takriban miezi mitatu, na kuanzia mwezi wa nne ile ya bei nafuu ndiyo inayofilisi.

Wenye saiba walitazame jambo hili kwa makini zaidi. Rimu ya karatasi 500 ikinunuliwa kwa shilingi 600, kila karatasi ni shilingi 1 na senti 20. Ongeza shilingi 10 za wino kwenye ile mashine ya kwanza. Ukimuuzia mteja kopi kwa shilingi 10, umempa zawadi ya shilingi 1 na senti 20, stima na kodi ya chumba bado hazijahesabiwa. Ukiiuza kwa shilingi 5, ni afadhali ufunge duka ukalale. Wapo wanaofanya biashara hiyo mwaka mzima wakidhani kinachowaangusha ni ushindani wa jirani.

Zaidi ya hayo, katriji inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi haijajazwa kamili. Ni ya kuanzia, na huisha mapema. Muuzaji aulizwe waziwazi: hii iliyomo inatoa kurasa ngapi, na ile ya kununua baadaye inatoa ngapi?

Sasa, wino au leza? Printa ya leza haitumii wino wa maji. Hutumia unga unaoitwa tona, ambao huyeyushwa na kubandikwa kwenye karatasi kwa joto kali. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa na vuguvugu, na maandishi hayachujuki yakiguswa na mkono wenye jasho. Tona haikauki hata ofisi ikifungwa mwezi mzima. Kwa ofisi inayochapisha barua, mikataba na zabuni, zote nyeusi kwa nyeupe, leza ni kazi safi na ya haraka. Ila ulizeni kuhusu dramu. Katika baadhi ya mashine dramu imo ndani ya katriji ya tona na hubadilishwa pamoja nayo. Katika nyingine ni kipuri cha peke yake, na bei yake inaweza kukaribia nusu ya bei ya printa.

Udhaifu wa leza ni stima. Ili kupata lile joto, huvuta umeme mwingi kwa ghafla, wati mia kadhaa na wakati mwingine karibu 1,000, kila inapoanza kazi. Betri ndogo ya UPS inayowekwa chini ya kompyuta haiwezi kuubeba mzigo huo. Ukiichomeka hapo huenda vyote vikazimika pamoja. Mfumo mdogo wa sola vilevile utalemewa. Printa ya wino hutumia wati kumi na kitu au ishirini na kitu inapochapisha, mzigo ambao hata betri ya kawaida na inveta ndogo hustahimili. Katika wadi ambako stima hukatika mchana, tofauti hii ina uzito kuliko kasi ya kurasa kwa dakika ambayo muuzaji atakusomea kwanza.

Printa ya tangi nayo ina masharti yake. Isipotumika, wino hukauka kwenye vitundu vya kichwa, na kukizibua kichwa hula wino mwingi au hulazimu kuita fundi. Dawa yake ni kuchapisha ukurasa mmoja wenye rangi zote angalau mara moja kwa wiki, hata kama hakuna kazi. Ndani yake pia mna sponji inayofyonza wino taka. Sponji hiyo ikijaa mashine hugoma kabisa, na mwenyewe hudhani imekufa. Kuna mashine ambazo mtumiaji hubadilisha kisanduku cha wino taka mwenyewe kwa dakika mbili, na kuna ambazo ni lazima zifunguliwe na fundi. Swali hili ni wauzaji wachache wanaolitarajia, na jinsi wanavyolijibu hukuonyesha kama wanaijua bidhaa wanayoiuza.

Kwa walio karibu na bahari, unyevu ni adui wa printa ya aina yoyote. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa, hujikunja, kisha hukwama. Rimu isifunguliwe hadi itakapohitajika, na zinazobaki zirudishwe kwenye karatasi yake ya nailoni. Mashine isiwekwe dirishani panapoingia upepo wa chumvi na mchanga. Ifunikwe jioni, lakini kwanza iachwe ipoe.

Sasa faksi, ambayo wengi wameijia.

Faksi si kitu kipya. Alexander Bain, fundi wa saa kutoka Scotland, alisajili hataza ya kutuma picha kwa waya mwaka 1843, kabla ya simu yenyewe kuvumbuliwa. Mashine ya faksi husoma ukurasa, huugeuza kuwa sauti, huzipitisha sauti hizo katika laini ya simu, na mashine ya upande wa pili huzigeuza tena kuwa ukurasa. Kwa hiyo inahitaji vitu viwili: laini ya simu ya waya katika ofisi yako, na mashine nyingine inayosubiri upande wa pili. Laini ya simu ya mkononi haifai. Laini ya simu inayopita kwenye intaneti mara nyingi hukatakata sauti hizo, na ukurasa hufika nusu au haufiki, isipokuwa kampuni inayotoa huduma imeandaa njia maalumu ya faksi.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika miji mingi nyaya za shaba za simu ziliibwa au ziliachwa zife, na ofisi nyingi ndogo zilizofunguliwa katika miaka ya karibuni hazijawahi kuwa na simu ya waya. Nyuma ya printa ya kazi nne mna vitundu viwili vidogo vya simu. Wanunuzi wengi huvitazama siku ya kwanza, wengine wakavidhania vya intaneti na kuhangaika kuingiza waya usioingia, kisha havitazamwi tena mpaka mashine inauzwa. Barua rasmi nyingi bado zina mstari wa nambari ya faksi hapo juu. Ukipiga baadhi ya nambari hizo hakuna kinacholia.

Kwa hivyo kabla ya kulipa zaidi kwa ajili ya faksi, mwenye ofisi na atazame miezi 12 iliyopita. Ni nani aliyemwomba hati kwa faksi? Kama hakuna, aache. Asubiri nini? Barua pepe yenye PDF iliyoskaniwa vizuri inakubalika karibu kila mahali nchini, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya 2020 iliimarisha nafasi ya sahihi za kielektroniki katika mikataba. Hata nje ya nchi mambo yamebadilika: huduma ya afya ya umma ya Uingereza ilipigwa marufuku kununua mashine mpya za faksi kuanzia Januari 2019.

Wapo wanaoihitaji kweli. Ofisi inayoshughulika na bima au hospitali za Marekani, kwa mfano, bado inaweza kuambiwa itume kwa faksi. Ikiwa ni mara tatu au nne kwa mwaka, kuna huduma za mtandaoni zinazopokea PDF kutoka kwako na kuifikisha kwenye mashine ya faksi ya mwenzako, bila wewe kuwa na laini ya waya. Ikiwa ni kila wiki, basi nunua yenye faksi, lakini uhakikishe kwanza kwamba laini ya waya inapatikana na inafanya kazi mahali ulipo, na kwamba mashine huhifadhi ujumbe karatasi zinapoisha. Vilevile uwe na mtu wa kuuondoa ukurasa treini mara unapofika. Ripoti ya daktari haipaswi kulala hapo usiku kucha ikisomwa na kila anayepita.

Pesa zitakazookolewa kwenye faksi ziende kwenye skana, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya ofisi ndogo inapoongezeka. Hata zabuni na maombi yanapohamia mtandaoni, hati hupakiwa zikiwa zimeskaniwa. Mashine ya bei ya chini huwa na kioo tu: unaweka ukurasa, unafunika, unabonyeza, unafunua, unaweka mwingine. Kwa kitambulisho kioo kinatosha na ndicho kinachofaa. Kwa kurasa 80 ni adhabu. Mashine yenye trei ya juu inayovuta karatasi zenyewe, moja baada ya nyingine, humaliza kazi hiyo mtu akipokea simu. Ikiwa inaskani pande zote mbili, bora zaidi. Kuchapisha pande mbili pia kunapunguza matumizi ya karatasi karibu nusu, na uwezo huu sasa umo hata katika mashine za bei ya wastani.

Jambo moja linalowakwamisha wengi ni kuskani moja kwa moja hadi barua pepe. Tangu Mei 30, 2022, Google haikubali tena kifaa kama printa kuingia kwenye akaunti ya Gmail kwa nywila ya kawaida. Ni lazima mwenye akaunti awashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha atengeneze nywila maalumu ya kifaa hicho. Mafundi wengi wameitwa na kulipwa kutengeneza printa ambayo haikuwa na kosa lolote. Njia isiyo na usumbufu ni mashine inayoskani hadi kwenye flashi au kwenye kompyuta.

Kwa upande wa kompyuta, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na ofisi nyingi zinabadilisha mashine zao. Printa iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita inaweza kukosa programu ya kuiendesha kwenye kompyuta mpya. Na kwa kuwa kazi nyingi za wateja huja kwa WhatsApp, printa inayopokea kazi kutoka kwa simu kupitia Wi-Fi huokoa muda kila siku. Nywila iliyokuja nayo kutoka kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kuna wanaouliza kuhusu zile mashine kubwa za kopi zilizotumika ng'ambo. Kwa saiba yenye wateja wengi zinaweza kuwa na faida, kwa sababu zimeundwa kwa kazi nzito na tona yake hutoa maelfu ya kurasa. Lakini zikaguliwe kwa utaratibu. Kwanza soma bati la nyuma: stima ya Kenya ni volti 240, na mashine iliyotengenezewa nchi ya volti 100 au 120 itaungua ukiichomeka. Pili, muuzaji achapishe ukurasa wa mita unaoonyesha imekwisha kutoa kopi ngapi. Tatu, uliza spea zake zinapatikana wapi. Kama fundi na kipuri ni lazima vitoke Mombasa au Nairobi, nauli na siku za kusubiri ni sehemu ya bei. Nne, nyingi zina diski ndani inayohifadhi picha za hati zilizopita. Ya mwenye kwanza huenda bado zimo. Zako nazo zitabaki humo siku utakapoiuza, isipokuwa zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na ofisi inayotoa kopi za vitambulisho kutwa kucha inashika taarifa nyingi kuliko inavyodhani.

Katriji za kujaza upya na za kampuni nyingine si haramu, na nyingine zinafanya kazi vizuri. Kitu cha kuepuka ni bandia, ile iliyovishwa boksi la jina kubwa na kuuzwa kama halisi. Tona mbovu humwagika ndani na kuharibu dramu. Pia kuna printa zenye kidhibiti kinachozikataa katriji zisizo za mtengenezaji, hivyo hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Siku ya kununua, katibu asiende peke yake, wala asiende mikono mitupu. Abebe kitambulisho chake, kurasa tano zilizotumika, na PDF kwenye simu. Mashine ichomekwe hapo dukani, itoe kopi ya kitambulisho pande mbili, ivute zile kurasa tano bila kukwama, ichapishe kutoka kwa simu. Duka linalokataa jaribio hilo limejieleza. Ankara iwe ya eTIMS na iwe na PIN ya kikundi au biashara, kwa kuwa tangu 2024 KRA kwa kawaida haikubali gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo. Kadi ya waranti ijazwe tarehe na nambari ya mashine, na nambari hiyo iandikwe katika daftari la mali ya kikundi mbele ya mweka hazina.

Katoni na vile vipande vyeupe vya ndani visitupwe hadi waranti iishe, maana mashine iliyorudishwa dukani bila kufungwa vizuri hufika na ufa ambao haukuwepo. Chupa moja ya wino au katriji moja ya akiba ikae kabatini wakati wote. Na kwa vikundi vinavyowania zabuni, kurasa zichapishwe siku mbili kabla ya kufungwa, zihesabiwe na watu wawili tofauti, kisha zitiwe nambari kwa mkono au kwa mhuri wa nambari, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho.